Lebo ya Kipande cha Thelathini na Moja

Jumapili, 2 Novemba 1997

Mvua. Binti yangu Judith amepiga simu saa kumi kamili, kama kawaida ya Jumapili. Aliuliza kama huku kunanyesha, nikasema kunanyesha. Nikamuuliza kama Aberdeen kunanyesha, akasema kunanyesha. Dakika nne, tukaagana.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kwenye klabu ya magari ya zamani ya jeshi kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu Lionel mwezi wa Juni. Chumba ni kilekile cha juu ya baa, na wazee ni walewale kumi na wanne wenye kucha za grisi, ila kiti cha kichwani mwa meza kilikuwa kitupu na kila aliyepita alikikwepa kama kina rangi mbichi. Nilibeba sandwichi za yai. Wakapokea, wakashukuru, wakageukia meza.

Utaratibu wao haujabadilika. Mtu akikuta kwenye gari la zamani la jeshi chuma asichokijua, anakileta, kinawekwa juu ya gazeti, kinazungushwa meza nzima mkono kwa mkono, na hakuna kufungua mdomo mpaka kirudi kwa mwenyewe. Kisha kila mmoja anasema lake, kuanzia aliyejiunga mwisho. Wakishakubaliana, kinafungwa lebo kwa uzi na jina limekaa. Lebo haifunguliwi ila na aliyeifunga. Kwa miaka ishirini na sita neno la mwisho lilikuwa la Lionel, hasa vikiwa vishikio vya bunduki, maana jeshini alikuwa fundi silaha na hakuna aliyethubutu kumfundisha. Leo walizungusha, wakabishana, na chuma kikarudi mfukoni mwa mwenyewe bila jina.

Graham Bebb, katibu, alinifuata kwenye ngazi nikivaa koti.

"Bi Enid, lile sanduku la Lionel la vyuma visivyo na jina bado liko bandani?"

"Lingekwenda wapi? Halina miguu."

"Wanachama wanaomba utuorodheshee vilivyomo. Hata kwa kukisia tu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia taipu. Na lipo jambo jingine, lakini usilie."

"Lini umeniona nalia, Graham?"

Akaniambia kuwa katika mkutano wa Machi watazindua kombe jipya, la kutolewa kila mwaka kwa gari lililotengenezwa kwa usahihi kuliko mengine yote. Litaitwa Kombe la Garbett, kwa jina la ukoo la Lionel. Nilimwambia ni wazo zuri, nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Nililia nilipofika kwenye gari.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefungua sanduku. Vipande arobaini na vitatu, vyote vya kushikia au kubebea silaha, vyote bila lebo, kila kimoja kina namba ya chaki. Baridi ya bandani inauma hadi kwenye meno.

Jumapili, 9 Novemba

Judith. Huko upepo, huku mvua. Dakika nne.

Jumatano, 19 Novemba

Wale wazee wanadhani mimi nilikuwa mashine ya taipu yenye miguu na sahani ya sandwichi. Niseme hapa, kwa kuwa hakuna wa kunisikia: mwandiko wa Lionel ulikuwa kama kuku amepita na tope, kwa hiyo lebo zote za klabu ni mwandiko wangu, na kila nilichoandika nilikishika kwanza. Ukishika vyuma elfu mbili, kitu kinabaki mkononi.

Leo nimetambua vitatu. Namba sita ni kikombe cha kusimamishia rashasha pembeni mwa mlango. Namba kumi ni kibano cha kufunga mtutu usichezecheze gari likitembea. Namba kumi na mbili niliigeuza saa nzima, kisha nikasema kwa sauti, "Hiki ni cha kubebea sanduku la risasi, upande wa kushoto." Nikangoja Lionel aseme "Hapana, Enid, kulia." Niliondoka bandani na kuzima hita kabla ya wakati.

Jumanne, 2 Desemba

Barabara imeganda. Sikwenda klabuni.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimefika namba thelathini na moja, na imenishangaza. Namba hii haistahili kuwemo humu.

Ni mkono wa chuma wenye urefu wa shubiri mbili. Juu umepasuka masikio mawili yenye tundu la pini, chini una kitako chenye matundu matatu, mawili karibukaribu na la tatu mbali. Hakuna mwanachama asiyekijua. Pacha wake yuko kwenye kabati la klabu na lebo yake imefungwa tangu 1989: kishikio cha bunduki ya Breni, dirisha la ubavuni la gari la deraya. Lionel alikichora kwenye jarida la klabu. Wanachama watano walichonga vya kwao kwa kufuata mchoro ule na kufungia bunduki za bandia, na gari la Graham limeshinda maonyesho miaka mitatu mfululizo likiwa nacho. Sasa kitu kinachojulikana na kila mtu kinatafuta nini kwenye sanduku la visivyojulikana?

Na ndicho kilichomfukuza Desmond Pardoe klabuni. Ilikuwa Februari ya 1989. Chuma kilizunguka, wote wakasema kishikio cha bunduki, isipokuwa Pardoe. Yeye alikuwa dereva wa magari hayo jangwani. Akasema ule ni mguu wa birika, lile birika la umeme la kuchemshia chai ndani ya gari.

"Nimechemsha chai juu ya kitu hiki miaka mitatu," alisema.

Lionel akamjibu, "Labda ulikuwa unachemshia kwenye mtutu, Desmond." Wakacheka. Pardoe hakukubali. Akapiga meza, akasema Lionel anajua bunduki tu, kwa hiyo kila tundu analiona ni la bunduki.

Mimi nilikuwa nimesimama na sahani. Wanawake hawasemi kwenye meza ile, lakini nilisema. Nilisema, "Bwana Pardoe, mume wangu hajakosea hata siku moja tangu nimjue. Wewe hata kijiko hujui kinashikwa upande gani. Ukitaka chai, baa iko chini." Chumba kilitaka kubomoka kwa vicheko. Pardoe alivaa kofia yake, akashuka, hakurudi tena. Nilijiona shujaa mwezi mzima.

Jumanne, 16 Desemba

Nimemwona Pardoe kwa muuza nyama, mbele yangu kwenye foleni. Alinivulia kofia. Nilitazama soseji mpaka akatoka. Miaka minane nimekuwa nikimfanyia hivi na sasa shingo inageuka yenyewe. Hata siku ya mazishi alisimama nje ya ukuta wa makaburi, nikamwona, nikamgeuzia mgongo.

Alhamisi, 25 Desemba

Judith amepiga ingawa si Jumapili. Dakika sita. Nimekula kipande cha kuku nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Niandike polepole.

Pacha wa klabuni alifika kwetu akiwa ameshachunwa rangi yote. Ndiyo tabia ya watu hawa, wakikuta kutu wanapuliza mchanga mpaka chuma king'ae, kisha ndipo wanauliza ni nini. Lakini namba thelathini na moja bado ina ngozi yake. Leo nilikifunga kwenye jiliwa la kubania chuma na kuanza kukwangua kwa wembe, tabaka moja moja. Juu kijani. Nilitegemea chini nikute kijani kingine, au rangi ya mchanga. Nikakuta rangi ya fedha. Rangi ya fedha ilipakwa ndani ya magari yale, kuongeza mwanga. Cha dirishani kingekuwa kijani mpaka kwenye mfupa.

Nikajiambia labda kilipakwa kwa makosa. Nikamulika tochi katikati ya yale masikio mawili. Kwenye pembe, ambako wembe haufiki, kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, wa tabaka tabaka.

Ukoko ule mimi naujua kuliko wanaume wote wa klabu. Nimeukwangua kwenye birika langu kila mwezi tangu niolewe, maana maji ya huku yana chokaa. Nilikwenda jikoni nikaleta siki. Nilidondosha matone matatu. Ukatoa povu, ukachemka kwa sauti ndogo, sss. Bunduki haitoi ukoko wa maji. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na chupa ya siki mkononi, nikijaribu kutafuta sababu nyingine, na sikuipata.

Kisha nikakigeuza. Chini ya kitako, mahali pasipoonekana, palikuwa pameshakwanguliwa zamani, kidoa cha ukubwa wa ukucha, rangi ya fedha ikichungulia. Si mimi niliyekwangua pale.

Jumanne, 6 Januari

Klabuni. Graham alileta picha za gari lake kwa ajili ya tangazo la kombe. Rashasha ya bandia inatoka ubavuni imekaa pale kwenye mguu wa birika. "Lionel angefurahi," alisema. Nilimwambia picha zimetoka vizuri.

Jumatano, 14 Januari

Lionel alikuwa na kadi moja kwa kila kipande, kwenye kopo la biskuti juu ya rafu ya nati. Nilikuwa nikiliona kopo lile kila siku na sikulifungua, kwa kuwa nilijua nitaona mwandiko wake. Leo nimelifungua.

Kadi ya thelathini na moja, kwa penseli: "Rangi ya fedha chini. Ukoko wa maji. Mguu wa birika. Pardoe alisema kweli. 14 Machi 1992."

Alijua. Kwa miaka mitano na zaidi kabla ya kufa alijua, akala, akalala, akaenda klabuni akakaa kichwani mwa meza, na akamwacha yule mtu abaki mtaani akichekwa. Na mimi akaniacha nikitazama soseji. Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Mtu ukimkasirikia akiwa hai unaweza angalau kumnyima chai.

Jumapili, 18 Januari

Judith. Theluji huko, theluji huku. Nilitaka kumwambia, nikaona si jambo la simu.

Alhamisi, 22 Januari

Theluji.

Ijumaa, 23 Januari

Theluji. Sijaongea na mtu tangu Jumatatu, isipokuwa hita.

Jumamosi, 24 Januari

Theluji. Nimemaliza orodha. Vipande arobaini na viwili vimeandikwa. Mbele ya thelathini na moja nimeacha nafasi.

Jumanne, 3 Februari

Nimemwambia Graham. Nilisubiri wenzake washuke, nikamwekea kadi mezani. Aliisoma, akaisoma tena, akavua miwani.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe."

"Basi irudishe kwenye kopo lake, Bi Enid."

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Mwezi ujao tunazindua kombe la usahihi lenye jina lake. Watu wanatoka mpaka Hereford. Unataka nisimame niseme jamani, mwenye kombe alitufungisha bunduki kwenye birika la chai miaka tisa, akajua, akakaa kimya?"

"Na Pardoe?"

"Pardoe ana mabata bukini wake. Nani alikuambia anateseka? Lionel ameshapumzika, mwache apumzike. Halafu sheria unaijua. Lebo hufunguliwa na aliyeifunga, na aliyeifunga hayupo."

Nilikunja kadi nikaitia mfukoni. Nikirudi nyumbani niliwaza kwamba Graham hana ubaya. Anampenda Lionel yule ninayempenda mimi, yule asiyekosea. Nikimsema Lionel, hata kiti cha kusogezewa pale klabuni nitakikosa, na kile ndicho kiti pekee nje ya nyumba hii ninachotegemewa kukalia. Nikinyamaza, nitakuwa nimefanya alichofanya yeye, na mimi ndiye niliyemkasirikia kwa hilo.

Jumapili, 8 Februari

Judith. Dakika tatu. Alisema ana kazi nyingi.

Jumanne, 17 Februari

Nimekwenda kwa Pardoe.

Nyumba yake ni ya mwisho chini ya kilima cha Clee, baada ya hapo ni kondoo na ukungu. Mabata bukini walinizomea kutoka getini hadi mlangoni. Alifungua akiwa na aproni, mikono imejaa unga.

"Umepotea njia, Bi Garbett?"

"Sikupotea. Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi. Ni mguu wa birika."

"Najua," alisema. "Ingia, unanipotezea joto."

Jikoni kwake ni pasafi kuliko kwangu. Alifuta kiti kisichohitaji kufutwa. Nilikataa kukaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani na nilitaka kuyasema nikiwa nimesimama.

"Lionel pia alijua. Nimekuta kadi yake. Alijua tangu tisini na mbili, akakunyamazia, akakuacha uonekane mjinga mbele ya watu wote. Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na..."

"Enid, ngoja kidogo." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Hakuninyamazia. Alikuja hapa Machi ileile. Alisimama hapo ulipo wewe, kofia mkononi, na kile chuma kwenye mfuko wa koti. Akasema, 'Desmond, mimi ni punda.' Nikamwambia hilo halihitaji lebo. Tukacheka mpaka mabata wakaitikia. Akarudi wiki iliyofuata. Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi."

"Alhamisi Lionel alikuwa anakwenda Leominster, kwa muuza chuma chakavu."

"Chuma chakavu ni mimi," alisema Pardoe.

Nilikaa. Kila Alhamisi kwa miaka mitano nilikula chakula cha mchana peke yangu, na nilimfunikia yeye sahani. Alirudi kila mara akiwa na uso mchangamfu, nami nikiwaza jinsi vyuma vinavyompa raha mtu huyu. Walikuwa hapa wakinywa chai. Na Ijumaa mimi nikikutana na Pardoe dukani namgeuzia shingo, naye ananivulia kofia, na nyumbani Lionel ananiuliza, "Dukani palikuwaje?"

"Kwa nini hakuwaambia klabuni?" nilimuuliza.

"Alitaka. Aliandika ukurasa mzima wa kusahihisha, nimeusoma kwa macho yangu, ulikuwa mzuri. Alikuwa anakuja nao hapa na kurudi nao. Nadhani mwishowe aliuchoma."

"Aliwaogopa wale wazee?"

"Wale? Ebo! Wale angewaambia mwezi ni jibini, wangetafuta kisu." Pardoe alijipangusa unga vidoleni, kimoja kimoja. Hakutaka kusema, nilimwona. "Ukurasa wa jarida lazima upigwe taipu, Enid. Na anayepiga taipu ni wewe."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Alisema, 'Enid alisimama mbele ya watu akasema sijakosea hata siku moja. Nitamkabidhije karatasi hii?' Nilimwambia aachane nayo. Mimi chai yangu nilikuwa naipata, na rafiki yangu nilikuwa nimempata tena. Nikaona inatosha."

"Lakini mimi nilikutendea... makaburini nilikugeuzia..."

"Ulikuwa unamlinda," alisema. "Nilikuelewa. Sikupenda, lakini nilikuelewa."

Alinikatia mkate. Niliutia kwenye mkoba. Niliendesha gari mpaka nyumbani kwa mwendo wa mtu anayejifunza.

Jumatano, 18 Februari

Mume wangu aliniogopa. Nimeandika hivyo nione inavyoonekana kwenye karatasi. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Sikutoka kitandani mpaka saa tano.

Jumapili, 22 Februari

Judith. Aliuliza kama nina mafua, sauti yangu imebadilika. Nilisema ni mafua.

Alhamisi, 26 Februari

Nimetoa taipu chini ya shuka lake na kuandika ukurasa. Nilianza mara saba. Kila mara nilikuta ninamtetea Lionel, au ninamshitaki, na yote mawili yalikuwa njia ya kutojitaja. Wa saba una mistari kumi tu.

Nilimpigia Pardoe kumwalika Jumanne. Alisema mabata hawana wa kuwafungia. Sikumlazimisha.

Jumanne, 3 Machi

Chumba kilijaa mpaka kwenye ngazi. Kombe lilikuwa katikati ya meza limefunikwa kitambaa, na kando yake walipanga vipande maarufu vya Lionel kutoka kabatini, kila kimoja na lebo yake. Graham alipotaka kuanza hotuba nilisimama. Sikuwa na sahani.

"Kabla ya hapo," nikasema, "naomba kipande kimoja kizungushwe."

"Bi Enid, leo siyo..."

"Graham, kipande kikiletwa mezani kinazungushwa. Au sheria imebadilika?"

Haikuwa imebadilika. Nikaweka namba thelathini na moja juu ya gazeti. Kikazunguka kimyakimya. Niliwatazama wakikipokea, wengine hawakukitazama hata kidogo, wanakijua. Kikarudi. Aliyejiunga mwisho akasema kishikio cha Breni, akashangaa kuulizwa. Wa pili vilevile. Wote vilevile, mpaka kwa Graham, aliyeangalia dari na kusema, "Kishikio cha Breni," kwa sauti ndogo.

"Mimi nasema ni mguu wa birika la chai," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Nadhani walidhani uchungu wa msiba umenipanda kichwani. Nikatoa chupa ya siki kwenye mkoba, nikamimina kati ya masikio ya kile chuma. Kikatoa povu mbele yao wote. Nikawauliza nani kati yao amewahi kusafisha birika la nyumbani kwake. Mmoja tu aliinua mkono, naye amefiwa na mkewe. Aliinama, akanusa, akasema, "Ni ukoko wa maji, jamani. Hauna mfano."

Hapo kelele zikaanza. Niliwaonyesha rangi ya fedha. Niliwasomea kadi, pamoja na tarehe. Graham alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Hata kama," alisema. "Hata kama ni hivyo. Lebo hufunguliwa na aliyeifunga!"

"Soma mwandiko, Graham."

Alichukua yule pacha wa kabatini, akaisoma lebo yake, akanitazama.

"Lionel alitamka," nikasema. "Aliyeandika na kufunga uzi ni mimi, hiyo na nyingine zote kwenye hilo kabati." Nikafungua fundo. Lilikuwa gumu, lilinichukua muda, na wote walikaa wakinitazama nikihangaika na kucha. Kisha nikasoma ukurasa wangu. Sitaurudia hapa, ila mwisho wake ulisema kwamba Lionel alikosea kuhusu chuma, kama anavyoweza kukosea mtu yeyote, na alikuwa tayari kusema. Kwamba aliyemfukuza Desmond Pardoe kwenye chumba hiki ni mimi, na aliyemfanya mume wangu ashindwe kusema ukweli nyumbani kwake ni mimi. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha Lionel, sikuona mpaka nilipokwisha kukaa.

Kisha Graham, maskini, akasema, "Sasa mimi gari langu... ina maana miaka mitatu nimekuwa nawalenga majaji kwa birika?"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Mimi sikuweza. Kombe halikutolewa mwaka huu kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika na gari lake. Waliniuliza kama jina libaki. Nikawaambia libaki, mradi ukurasa wangu uchapishwe pamoja nalo. Nilipokuwa navaa koti watatu walinisaidia kwa mkupuo, kisha wote wakaenda zao na wake zao.

Ijumaa, 6 Machi

Jua kidogo. Nyumba ni ileile. Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi, lakini ninachojisikia ni kwamba niko peke yangu zaidi, kwa kuwa hata yule Lionel niliyekuwa nikiongea naye bandani sasa sijui kama ndiye. Ningetaka kumuuliza ni mambo gani mengine alinificha. Hayupo wa kuulizwa.

Jumamosi, 7 Machi

Yupo mmoja. Sikungoja kesho. Nilipiga mimi.

"Mama? Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Hakuna kitu. Nimekosea jambo, nataka nikueleze."

Nikamweleza yote, chuma, siki, kadi, Alhamisi za Pardoe, ukurasa ambao baba yake hakuweza kunipa. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasema, "Nimekuwa nikiwaza, Judith. Kama baba yako aliogopa kunikabidhi karatasi moja, wewe umekuwa ukinificha nini?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa."

"Colin aliondoka. Oktoba mwaka juzi."

Colin ni mume wake. Kila Jumapili, kabla ya kukata simu, nimekuwa nikisema msalimie Colin, na kila Jumapili ananijibu atamsalimia. Ni karibu mwaka na nusu. Hata kwenye mazishi ya baba yake alisimama pale akaniambia Colin amebanwa na kazi, na mimi nikasema kazi gani isiyoheshimu msiba.

Neno lilinijia mpaka kwenye meno, lile la "nilikuambia." Maana kweli nilimwambia kuwa Colin hamfai, siku ya harusi yake, watu wakisikia. Nikalimeza. Lilikuwa kubwa na lilishuka kwa shida. Akasubiri, nikajua analisubiri neno hilohilo.

"Nani anakupikia?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, Mama," akasema, na sauti ikamkatika.

Aliongea saa moja na nusu. Mimi nilisema maneno mawili tu, na nikayarudia kila aliponyamaza: "Endelea, mwanangu."